Siku ya Kuweka Gongo Chini

Masomo: 2 Samweli 21:15–22; Hesabu 8:23–26; Zaburi 71

Leo twasema nanyi mlio nyumbani mkinywa chai ya asubuhi, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na hasa ninyi ambao siku hizi hamna tena kazi ya kuwaamsha mapema. Neno la leo ni lenu kwanza, kisha ni letu sote.

Tutaanza mbali kidogo, huko Marekani, katika mchezo uitwao besiboli. Wengi wetu hatujauona, wala haidhuru. Yatosha kujua hivi: mtu mmoja hutupa mpira mdogo mgumu kwa kasi kubwa, na mwingine husimama na gongo la mti akingoja kuupiga. Akiupiga ukavuka ua wa uwanja, huzunguka vituo vyote vinne bila kuzuiwa na mtu, na watu husimama wakishangilia. Mchezo huu ni mgumu hata mpigaji anayefaulu mara 3 tu katika kila mara 10 huitwa hodari. Na kila apigapo, na kila akosapo, huandikwa. Mwisho wa mwaka hesabu yake yote iko wazi mbele ya watu.

Katika mchezo huo kulikuwa na mtu aitwaye Albert Pujols. Alizaliwa mwaka wa 1980 huko Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika, akalelewa sana na bibi yake. Akiwa kijana alihamia Marekani pamoja na jamaa zake. Mwaka wa 1999, timu zilipokuwa zikichagua vijana wa kuwachukua, wengine 401 walichaguliwa kabla yake. Lakini mwaka wa 2001 alipoanza kuchezea timu ya Cardinals ya mji wa St. Louis, watu walishangaa. Kwa miaka 11 aliyokaa huko aliuvusha mpira ng'ambo ya ua mara 445. Mara tatu alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake, na mara mbili, mwaka wa 2006 na mwaka wa 2011, timu yake ilitwaa ubingwa. Tena hakuona haya kusema mbele ya watu kwamba yeye ni Mkristo.

Mwishoni mwa mwaka wa 2011 timu ya Angels ya California ilimwandikia mkataba wa miaka 10, kwa dola milioni 240. Basi akahama. Lakini, ndugu wapenzi, mkataba waweza kuandikwa kwa miaka 10, na mwili usitie sahihi. Miguu ilianza kumwuma, na goti pia. Alipasuliwa zaidi ya mara moja. Mwaka hata mwaka hesabu yake ilishuka. Ulipofika mwaka wa 2021, mwaka wa mwisho wa mkataba ule, alikuwa na umri wa miaka 41, na katika majuma ya kwanza ya msimu hakuweza kupiga vema hata mara 2 katika kila 10.

Tarehe 6 Mei 2021 timu ilitangaza kwamba imeachana naye. Viongozi walieleza kwamba hawakuwa na nafasi ya kumchezesha mara kwa mara, kwa maana walikuwako vijana waliokuwa wakipiga vizuri kuliko yeye. Msimu ulikuwa umeanza tu, na mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache kwisha.

Sasa angalieni jambo moja. Mtu huyu hakukosa chakula siku ile. Mshahara wake uliobaki alikuwa na haki ya kulipwa, nao ulikuwa mwingi kuliko tuwezavyo kuuhesabu. Hata hivyo hakuna aliyeitazama habari ile akasema kwamba ilikuwa siku ya furaha. Hapo twajifunza kwamba uchungu wa kuachwa si njaa peke yake. Mtu aliyeitwa mpigaji tangu ujana wake, akiambiwa kwamba gongo lake halihitajiwi tena, hujiuliza swali ambalo fedha haiwezi kulijibu: Basi mimi ni nani?

Swali hilo twalijua hata sisi tusiojua besiboli. Mwalimu aliyefundisha miaka 35 hulijua, asubuhi ile anaposikia kengele ya shule ikilia kwa mbali naye yuko shambani. Dereva hulijua siku macho yake yanapokataa. Mama aliyeongoza chama cha akina mama hulijua siku ya uchaguzi. Mwinjilisti aliyezunguka vilima kwa baiskeli hulijua anapoletewa kijana mwenye pikipiki na cheti cha chuo. Na kanisani mwetu mara nyingi swali hilo huwa chungu zaidi, kwa sababu kazi ya kanisa hatuifanyi kwa mshahara, bali kwa upendo. Anayeondolewa katika kazi ya upendo huona kana kwamba ni upendo wenyewe uliokataliwa.

Twataka kuwaambia habari moja, nasi twaisema tukijitia hatiani. Katika ushirika mmoja ambao sisi wenyewe tulikuwa katika kamati yake, palikuwa na mzee aliyefundisha kwaya kwa miaka mingi sana. Watu wote walimwita Mwalimu. Alijua nota za solfa kama mtu ajuavyo njia ya nyumbani kwake. Lakini sikio lake lilianza kuchoka. Sauti ya tatu ilipopotea hakusikia, na vijana walianza kucheka chini chini. Kamati ilikaa, ikaona kwamba kijana mmoja wa kike, mwalimu wa shule, achukue kazi ile. Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ni kwamba hakuna aliyekwenda kumwambia. Kila mmoja wetu alisema moyoni, "Fulani atamwambia."

Jumamosi ilipofika Mwalimu akaja mazoezini kama kawaida yake, amevaa koti, na vitabu vyake kwapani. Akakuta yule binti amesimama mbele na kwaya inaimba. Akasimama mlangoni kidogo. Kisha akaviweka vitabu juu ya benchi la nyuma, akaenda zake. Jumapili iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu, na Jumapili nyingine, na nyingine.

Baada ya miezi mitatu tulikwenda kwake, wazee wanne, vichwa chini. Alitukaribisha vizuri, tukapewa chai. Tukamwambia, "Mwalimu, tumekukosea." Alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Wazee wenzangu, mimi sikukataa kuondoka. Nilikuwa nimechoka kabla ninyi hamjajua. Kilichoniumiza ni kwamba habari zangu nilizijulia mlangoni."

Ndugu wapenzi, maneno hayo hatujayasahau. Habari zangu nilizijulia mlangoni! Ni watu wangapi katika shirika zetu waliojua habari zao mlangoni? Mmoja alisoma orodha ya zamu asilione jina lake. Mwingine alisikia tangazo pamoja na wageni. Nasi tuliofanya hivyo tulijiita wapole, tukasema hatukutaka kumwumiza. Kumbe tulikuwa waoga.

Basi na tufungue Biblia. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 21, twasoma habari ambayo haihubiriwi sana. Sisi sote twakumbuka Daudi kijana na lile jitu Goliathi. Watoto wa Shule ya Jumapili huiigiza. Lakini hapa ni Daudi mzee. Anashuka vitani na watu wake kama siku zote, na katikati ya vita anaishiwa nguvu. Jitu lingine, jina lake Ishbi-benobu, lenye mkuki mzito na silaha mpya, linakaribia kumwua. Yule aliyempiga Goliathi kwa jiwe moja sasa hana nguvu ya kujiokoa mwenyewe. Ndipo Abishai mwana wa Seruya akamsaidia, akalipiga lile jitu.

Angalieni waliyofanya watu wake baada ya hapo. Hawakunyamaza wakamwacha aende tena vitani akafe, eti kwa kumheshimu. Wala hawakumcheka. Walimwambia yeye mwenyewe, tena kwa kiapo, kwamba hatatoka tena pamoja nao kwenda vitani. Na sababu waliyompa ni nzuri mno. Hawakumwambia kwamba amekwisha. Walimwambia kwamba yeye ni taa ya Israeli, nao hawataki taa hiyo izimike. Waliuchukua upanga mkononi mwake, wakamwachia jina lake. Tena wakampa jina jipya, kubwa kuliko lile la askari.

Na kazi, je, ilisimama? La. Someni mistari inayofuata. Majitu yalikuwa manne, na yote yaliuawa kwa mkono wa Daudi na mkono wa watumishi wake. Yale mengine yalipokuja, vijana aliowalea mzee ndio waliokwenda kuyakabili. Na mwandishi wa kitabu, akimaliza habari hii, katika sura ya 22 ameuweka wimbo mrefu wa Daudi wa kumshukuru Mungu. Upanga umewekwa chini, lakini kinywa bado kinaimba.

Tena katika Hesabu, sura ya 8, Bwana mwenyewe alimpa Musa sheria juu ya Walawi. Mlawi aliingia katika kazi ya hema akiwa na umri wa miaka 25. Alipofika miaka 50 aliiacha kazi ile nzito. Hakuachwa kwa sababu ametenda dhambi, wala kwa sababu Mungu amemchoka. Umri ulifika, basi. Lakini sheria haikuishia hapo. Ilisema kwamba ataendelea kuwahudumia ndugu zake palepale hemani, katika kuyalinda yaliyoamriwa. Mzigo ulitoka begani, lakini mlango wa hema haukufungwa. Mungu wetu alijua kwamba mabega huzeeka, akaweka utaratibu kabla mabega hayajazeeka. Sisi mara nyingi hungoja mpaka mtu aanguke na mzigo, ndipo tukimbilie kugombana.

Sasa turudi kwa yule mpigaji, maana habari yake haikuishia Mei. Siku chache baada ya kuachwa, timu nyingine, ya mji wa Los Angeles, iitwayo Dodgers, ilimchukua. Haikumchukua awe mfalme. Alichezeshwa siku fulani tu, dhidi ya watupaji wa aina fulani, na siku nyingine alikaa benchi. Huko benchi alikaa na vijana, akiwaonya na kuwafundisha. Nao vijana wakampa jina kwa Kihispania, Tío Albert, yaani Mjomba Albert. Aliyekuwa mbele ya wote alikubali kuwa mjomba kando ya uwanja. Hebu tulifikiri jambo hilo. Kiti kidogo alikikubali, akakikalia kwa furaha.

Mwaka wa 2022 alirudi Cardinals, timu ya ujana wake, kwa mwaka mmoja wa kuaga. Hadi katikati ya msimu alikuwa ameuvusha mpira mara 6 tu. Kisha ikawa kana kwamba ujana umerudi. Aliuvusha mara 18 zaidi. Tarehe 23 Septemba 2022 alifikisha mara 700, jambo ambalo kabla yake lilikuwa limefanywa na watu 3 tu katika historia yote ya ligi kuu. Nako kulikuwa kulekule Los Angeles, katika uwanja wa Dodgers, timu iliyompa kiti alipokuwa hana. Alimaliza na mara 703, akaweka gongo chini.

Ndugu wapenzi, hapa mhubiri hujaribiwa. Ingekuwa rahisi sana kusema: "Mwaona! Aliyekataliwa alirudishwa. Nawe uliyeachishwa kazi, amini tu, utarudishwa na kupita ulipokuwa." Hatutasema hivyo, kwa maana si kweli kwa kila mtu, na anayelisikia neno hilo akiwa kitandani mgonjwa ataumia mara ya pili.

Katika mchezo uohuo kulikuwa na mtu mkubwa kuliko wote wa siku zake, Babe Ruth. Mwaka wa 1935 timu ya Yankees ya New York ilimwacha, akaenda timu ya Braves ya Boston. Tarehe 25 Mei mwaka ule aliuvusha mpira mara 3 katika mchezo mmoja. Juma moja hivi baadaye alikuwa ameuacha mchezo kabisa. Alikuwa na tamaa moja, apewe timu aiongoze. Hakuna timu ya ligi kuu iliyompa. Alikufa mwaka wa 1948, akiwa na umri wa miaka 53, bila kuipata. Mmoja alirudishwa kwa shangwe, mwingine hakurudishwa. Je, tuseme Mungu alimpenda yule akamchukia huyu? Hasha! Tumaini letu likisimama juu ya kuitwa tena kazini, tumesimama juu ya mchanga.

Tumaini letu liko wapi, basi? Katika Injili ya Luka, sura ya 10, wanafunzi 70 walirudi kwa Bwana Yesu wakifurahi. Kazi yao ilikuwa imefaulu, na hata pepo waliwatii. Walikuwa na hesabu nzuri ya kumwonyesha. Bwana hakuidharau kazi yao, lakini aliwaonya wasiiweke furaha yao hapo. Aliwaambia waifurahie habari hii, kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Ndugu, daftari la kazi laweza kukufuta, na siku moja litatufuta sote. Daftari lile la mbinguni halikuandikwa kwa nguvu za mkono wako. Liliandikwa kwa damu ya Mwana-Kondoo, wala halina safu ya uliokosa na uliopata. Kwa hiyo unapojiuliza, "Mimi ni nani sasa?" jibu lako halijabadilika tangu siku ulipookoka. Wewe ni mtoto wa Mungu. Ulikuwa hivyo ukiwa na gongo mkononi, nawe ni hivyo leo ukiwa mikono mitupu.

Ndiyo maana mzee wa Zaburi ya 71 haoni haya kumwomba Mungu asimtupe siku za uzee, wakati nguvu zinapomwishia. Tena hakuomba arudishiwe nguvu za ujana. Aliomba apewe muda wa kutosha kukisimulia kizazi kijacho uwezo wa Mungu. Hiyo ndiyo kazi ya mjomba kando ya uwanja.

Basi tuna maneno matatu ya kwenda nayo.

La kwanza ni kwetu sisi tunaopaswa kumwambia mtu kwamba muda wake umefika, tuwe wachungaji, wazee wa kanisa, au watoto wenye wazazi waliozeeka. Nenda kwake mwenyewe, kabla ya tangazo. Mwambie kweli, wala usimzungushe. Mtajie kazi yake aliyoifanya, na umwonyeshe mahali atakapokaa kesho. Mtu asijulie habari zake mlangoni.

La pili ni kwako uliyeambiwa. Ulie kama unalia, Bwana hakukatazi. Lakini usikibebe kiti chako ukaenda nacho nyumbani. Daudi alikubali neno la watu wake, naye alikuwa mfalme.

La tatu ni kwako kijana uliyepewa nafasi ya mwenzako. Usicheke. Abishai aliliua jitu, lakini hakuandika popote kwamba yeye ni bora kuliko Daudi. Gongo hilo ulilolishika lina alama za mikono ya mwingine, na siku moja litakuwa na alama zako mkononi mwa mwingine.

Mtauliza habari za Mwalimu wa kwaya. Siku ile, baada ya chai, yule binti aliyechukua kazi yake, tuliyekuwa tumemwacha nje kwa hofu, aliingia, akapiga magoti mbele yake, akasema, "Babu, mimi solfa sizijui vizuri. Nilikuwa naigiza tu yale niliyokusikia ukifundisha." Mzee akamtazama, akacheka. Jumamosi iliyofuata alikuja na vitabu vyake kwapani. Hakusimama mbele tena. Aliketi kwenye benchi la nyuma na watoto wanane, akawafundisha do, re, mi. Sikio lake halikupona. Lakini siku hizi sauti ya tatu ikipotea, wako watoto wanaoisikia.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe usiyechoka wala kuzeeka, twakushukuru kwa mikono yote iliyokutumikia. Utusamehe sisi tulionyamaza tulipopaswa kusema, na tuliosema bila upendo. Wafariji wote walioachwa katika kazi zao, na uwakumbushe kwamba hawakuachwa nawe. Wape vijana heshima, wape wazee amani, na utupe sote kuyafurahia majina yetu yaliyoandikwa kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.